Upande wa Pili wa Kaseti

Wiki jana tulimwacha fundi Ambrosi ndani ya pikapu ya mtu, nyuma ya stendi ya Masasi, vioo vimepandishwa na kidole kikiwa juu ya kitufe. Alikuwa akipima redio mpya ya gari na spika mbili za nyuma kwa kaseti yake ya kupimia. Kaseti ikafika mwisho. Redio zote alizozizoea hunyamaza hapo. Hii ilikuwa ya Dubai, ikalia *tak!*, ikajigeuza yenyewe na kuanza kucheza upande wa pili.

Na upande wa pili, msomaji wangu, haukuwa na wimbo.

"Ambrosi," sauti ilisema. "Ni mimi, Mabel. Uko peke yako? Kama kuna watu, zima kwanza."

Ambrosi hakuzima. Angezimaje? Huyu ni Mabel ambaye kesho Jumamosi, saa nne asubuhi, alikuwa anaolewa kanisani Newala. Na anayemwoa ni Cecil, mwenye pikapu hiyo hiyo aliyokalia.

"Upande wa kwanza nimejaza kwaya makusudi, ili nyumbani wadhani ni nyimbo tu. Barua zangu baba anazifungua, unajua. Sasa sikiliza. Nimemkabili mjomba Isaka, maana kwetu mwenye kuoza ni mjomba. Nilidhani atanifukuza, hakunifukuza. Anasema hataki kitu kutoka kwako. Anataka umlete mjomba wako, mkae naye mkekani, akuone uso na akusikie kwa mdomo wako kwamba unanitaka. Basi. Amenipa muda mpaka mikorosho itoe maua. Ikitoa maua na hujaja, atajua ulikuwa unanichezea. Na mimi nitajua hivyo hivyo. Usinijibu kwa barua, Ambrosi. Wewe njoo tu."

Kikafuata kicheko kidogo, cha mtu aliyejionea aibu. Halafu mkwaruzo wa kaseti tupu.

Mikorosho ilikwisha kutoa maua zamani. Hii ilikuwa Novemba. Korosho zilikuwa magunia kwa magunia barabarani, na wanunuzi binafsi walioruhusiwa juzi juzi na serikali walikuwa wakipishana Masasi kwa magari mapya. Cecil alikuwa mmoja wao.

Ambrosi aliegemeza paji la uso kwenye usukani, akalia. Alilia kama mwanamume anavyolia mahali pasipo na mtu, bila kujizuia na bila kujipangusa.

Ngoja nikueleze jinsi fundi hodari alivyojiponza kwa ufundi wake mwenyewe.

Kaseti ile aliletewa na kondakta wa basi la Newala, wiki moja kabla ya Pasaka. Imeandikwa upande mmoja tu, kwa kalamu nyekundu: NYIMBO. Akaicheza siku hiyo hiyo, na wimbo wa tatu ukamnasa. Sauti ya Mabel ilikuwa juu, wanaume chini, kayamba pembeni na ngoma moja ikipigwa taratibu. Mtu mwingine angesema ni wimbo mtamu. Ambrosi alisema: hii ndiyo ya kupimia. Besi imo, ya katikati imo, ya juu imo.

Tangu siku hiyo kila gari lililoingia kwake lilipimwa kwa sauti ya Mabel. Alicheza wimbo wa tatu, akaurudisha nyuma, akaucheza tena, akipandisha hiki na kushusha kile. Mafundi ndivyo walivyo. Kaseti ya kupimia ikishapata mahali pake haiguswi, na wala haisikilizwi, inapimiwa tu. Kwa miezi saba hakuigeuza hata mara moja.

Huku akingoja barua. Barua haikuja, akanuna. Mwishoni mwa mwezi wa sita, Mama Huruma, muuza chakula wa pale stendi, alipokuwa akienda Newala msibani, Ambrosi alimwita pembeni.

"Ukimwona Mabel, mwambie nimeshamsahau."

Majuto ni mjukuu, na mjukuu wa Ambrosi alikuwa ameshafika, amekaa naye ndani ya gari.

Kioo kikagongwa.

Alikuwa Cecil, na sahani mkononi. Ambrosi akafuta uso kwa mkono wa shati na kufungua mlango.

"Kula, fundi. Mwenye njaa hasikii vizuri."

Ambrosi alitaka sana kumchukia mtu huyu tangu asubuhi. Shida ni kwamba Cecil hachukiki. Alikuwa mrefu, mpole, hajui kupaza sauti, na alimwita kila mtu kwa heshima yake hata wapiga debe wa stendi.

Ugali ulikuwa umepoa, umefanya gamba. Kibanda cha Mama Huruma kiko hatua ishirini tu kutoka pale. Ambrosi aliliona hilo, lakini mtu aliyepigwa rungu la kichwa haulizi habari za ugali.

"Macho yako mekundu," alisema Cecil.

"Moshi wa kulehemu."

"Leo sijakuona ukilehemu."

"Wa jana huo."

Cecil hakucheka. Aliingia akaketi upande wa abiria, akaitazama ikwalaiza na vitufe vyake saba vya kusukuma juu na chini. "Haya, nifundishe. Kesho kanisani ni kwaya."

"Kwaya ni maneno," Ambrosi alijibu. Sauti yake ilitoka kavu, lakini kazi ni kazi. "Unashusha besi, unapandisha hivi viwili vya katikati. Watu wasikie kinachoimbwa."

"Na njiani, dansi?"

"Unageuza. Besi juu. Katikati unapunguza kidogo, gitaa na tarumbeta zisigombane."

"Na ngoma, tukifika uani kwa mjomba?"

"Ngoma iache kavu. Ukiizidishia besi inavuma tu kama lori, mkono wa mpigaji hausikiki."

Cecil akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akauliza, macho kwenye vitufe. "Na kama ni mtu anazungumza tu? Hana ngoma, hana kinanda?"

Mkono wa Ambrosi ukasimama.

"Unashusha besi yote," alisema mwishowe. "Huongezi kitu. Mtu akisema peke yake hahitaji kusaidiwa."

"Ahaa. Huyu anayeimba kwenye kaseti yako ya kupimia, ni nani?"

"Kwaya tu. Ya huko huko juu, Newala."

"Sauti nzuri. Mchumba wangu haimbi. Siku ya posa nilimwomba, maana nilisikia kwamba zamani alikuwa anaimba. Akaniambia sauti ilimkauka." Cecil alifungua mlango, akashuka. "Kaseti iache humo humo. Na wewe jiandae, saa nane tunapanda wote Newala. Vitufe vyako kesho atavigeuza nani?"

Ambrosi angeweza kukataa. Angesema ana homa, na uso wake ungemtolea ushahidi. Hakukataa. Mtu mwenye kidonda haachi kukigusa.

Mama Huruma alikuja kuchukua sahani yake, akaikuta kama ilivyoletwa.

"Shikamoo, Mama Huruma."

"Marahaba, baba. Mbona hujala? Chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu. Mama, yale maneno niliyokutuma kwa Mabel, ulimfikishia?"

"Neno kwa neno. Mimi si mtu wa kula maneno ya watu."

"Akasemaje?"

"Aliuliza tu." Mama Huruma akashika kiuno, akikumbuka. "Aliuliza, ile kaseti niliyompelekea anaisikiliza? Nikamwambia, mwanangu, kuisikiliza! Mchana kutwa! Mpaka sisi wauza chakula tumeijua kwa moyo. Kila mwenye gari anapigiwa yeye."

Ambrosi alimgeukia.

"Ulimwambia hivyo?"

"Si ndiyo kweli? Akakaa chini, pale pale mlangoni. Halafu akanishukuru, akanisindikiza mpaka barabarani, mtoto ana adabu yule. Nilidhani nakujengea jina, baba. Kwani vipi?"

"Hukukosea, mama," alisema Ambrosi. "Ulisema kweli."

Na hilo ndilo lililommaliza. Laiti mama yule angedanganya! Alisema kweli tupu, na Mabel akaelewa kama ambavyo mimi na wewe tungeelewa: kwamba Ambrosi ameusikia upande wa pili, ameyasikia maombi yake yote, na anayapigia madereva wa Masasi wacheke naye. Kisha juu ya hayo anatuma salamu kwamba amemsahau. Mwezi uliofuata mikorosho ilitoa maua, na Cecil akapeleka posa.

Kabla ya safari Ambrosi alipiga magoti kando ya gari, akaingiza mkono chini ya kiti zilikopita nyaya. Kugeuza chanya na hasi ya spika moja ni kazi ya kufumba na kufumbua. Redio ingelia, lakini besi ingekufa, na hakuna mtu Newala nzima ambaye angejua kwa nini harusi ya Cecil imekosa utamu. Alizishika nyaya. Akaziachia. Si kwa wema, usimsifu. Mkono wenyewe ulikataa kuharibu kitu kilichokwisha kaa sawa.

Wakapanda. Barabara ya vumbi jekundu ikajikunja na kujikunjua kuelekea juu uwandani, kwenye Newala, majabali ya Masasi yakibaki chini nyuma yao. Cecil ndiye aliyeendesha. Hakuiwasha redio hata mara moja. Umewahi kumwona mtu ana redio mpya, ana safari ndefu, asiiwashe?

Karibu na kilele cha mwinuko akauliza, "Fundi, una mjomba?"

"Ninaye. Yuko Chidya."

"Mzima?"

"Mzima."

"Vizuri," alisema Cecil, akabadilisha gia.

Uani kwa mzee Isaka, Newala, kulikuwa kumechangamka. Wanawake wanapepeta mchele, mapipa ya maji yaliyotekwa mbali yamepangwa kivulini, na vijana wanafunga turubai. Bibi harusi alikuwa ndani akisukwa. Bwana harusi haruhusiwi kumwona hadi kesho, kwa hiyo Cecil alisimamisha gari nje ya ua, mgongo wa pikapu ukielekea nyumba.

Mjomba Isaka alitoka na fimbo yake. Alikuwa na sauti nzito na maneno machache.

"Shikamoo, njomba," alisema Cecil.

"Marahaba. Ndiyo mashine yenyewe hiyo?"

"Ndiyo. Na huyu ndiye fundi wake. Anaitwa Ambrosi."

Mzee alimtazama Ambrosi kwa muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyomtazama fundi. "Haya," alisema. "Tuisikie."

"Ngoja kwanza nibadilishe kaseti," Ambrosi aliruka.

Alichelewa. Cecil alikwisha bonyeza.

Wimbo wa tatu, pale pale alipokuwa ameirudisha Ambrosi kwa mazoea. Kwenye zile spika mbili kubwa za nyuma, alizozifunga Ambrosi kwa mikono yake, sauti ya Mabel ilifunguka na kuujaza ua mzima, safi, kila neno mahali pake. Ungeapa mwenyewe kasimama pale. Wapepeta mchele wakaacha kupepeta.

"Huyo si Mabel?" alisema mmoja. "Mabel aliyekuwa akiimba!"

Mlango wa nyumba ukasukumwa. Wanawake wakapiga kelele za kuzuia, mwiko, mwiko! Lakini Mabel alikwisha toka, khanga moja mabegani, nywele nusu zimesukwa na nusu bado. Alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya Ambrosi. Alikuwa amekonda.

"Mpaka hapa, Ambrosi?" alisema polepole. "Masasi nzima haikukutosha, ukaona uniletee na kwa mjomba?"

"Mabel, upande wa pili sikuusikia."

"Hukuusikia."

"Mpaka leo mchana. Sikuigeuza kaseti. Naapa kwa Mungu."

"Miezi saba?"

"Ilikuwa kaseti ya kupimia," alisema. Akajisikia mwenyewe akilisema, akaona lilivyo jambo dogo, la kipuuzi, lisiloweza kubeba uzito wote ule. "Nilikuwa napimia wimbo mmoja tu."

Mabel akacheka, na macho yake yakajaa machozi hapo hapo. "Nani atayaamini hayo?"

"Mimi," alisema Cecil.

Aliizima redio. Ua wote ukamgeukia.

"Leo mchana nilikuwa namletea chakula. Yeye amefunga vioo, amesahau kwamba hizi mbili za nyuma zinalia nje. Nilisimama hapo na sahani mkononi, nikasikia neno kwa neno. Kisha nikamsikia analia. Ugali ulipoa, nami nikiwa nimesimama."

"Ulijua?" Ambrosi alinong'ona. "Ukanileta huku, na unajua?"

"Ningefanyaje? Ningeoa kesho huku najua. Wako watu wanaoweza. Mimi siwezi." Cecil alichomoa funguo za gari, akaziweka juu ya boneti. "Mabel, kesho haijafika. Ukimtaka fundi, mpe funguo hizi. Anajua kuendesha. Mteremke, mkamlete mjomba wake kutoka Chidya. Ukinitaka mimi, nipe mimi. Sitakuuliza tena maisha yetu yote."

Watu wakamtazama mzee Isaka. Mzee alichora mstari mavumbini kwa fimbo yake, akaufuta.

"Nilitoa muda mpaka maua," alisema. "Maua yakatoka, nikampa Cecil mkono. Sasa mwenye mkono kaufungua mwenyewe. Sema wewe, mama."

Mabel alibaki amesimama. Upepo wa uwandani ulicheza na zile nywele zisizosukwa. Alipozungumza, alimwambia Ambrosi peke yake.

"Kaseti nimekusamehe. Ni ujinga wa fundi, nakujua. Nakuuliza moja tu. Mama Huruma aliniletea maneno: mwambie nimeshamsahau. Yale uliyasema wewe, au aliyatunga?"

Hapo sasa.

Mama Huruma alikuwa Masasi, chini kabisa, na sufuria zake. Hakuna mwingine aliyeyasikia. Neno moja tu, *aliyatunga*, na funguo zile zingekuwa mkononi mwa Ambrosi. Aliliona neno hilo. Lilikuwa tayari kwenye ulimi wake, jepesi, tamu, likisubiri kutoka. Kumsingizia mama wa watu aliyesema kweli tupu, halafu kupata kila kitu alichowahi kukitaka.

"Niliyasema," alisema.

"Ulikuwa umenisahau?"

"Hapana. Hata siku moja."

"Sasa kwa nini?"

"Nilitaka uumie."

Mabel akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei na akaikubali. "Niliumia," alisema. "Niliumia mpaka sauti ikakata."

Alikwenda kwenye boneti. Funguo zikalia mkononi mwake. Cecil alikuwa amesimama upande wa kulia wa gari, Ambrosi upande wa kushoto, na kati yao hazikuzidi hatua sita.

Ambrosi aliinamisha uso. Hakuwa na ujasiri wa kutazama. Alisikiliza tu, maana kusikiliza ndiyo kazi pekee anayoijua, na masikio yake hayajawahi kumdanganya. Alisikia kandambili za Mabel zikikanyaga mchanga. Hatua moja. Ya pili. Zilikuwa zinakwenda kwa Cecil.

Akafumba macho. Akajiambia ni haki, ni haki kabisa, acha iwe hivyo.

Hatua ya tatu.

Kisha kandambili zikasimama. Zimesimama mbele ya nani, tutajua wiki ijayo.